Nukta Iliyobaki Kariakoo

Kila asubuhi Projestus hupakia mitungi ya oksijeni kwenye gari. Yeye ni dereva wa duka la Bi Khatun, Mwananyamala. Duka hilo linauza magongo, viti vya magurudumu na vitanda vya wagonjwa. Lakini kazi yake kubwa ni oksijeni. Wapo wagonjwa waliokwisha kutoka hospitali na bado mapafu yao hayana nguvu. Hao hukaa nyumbani, mtungi ukiwa pembeni ya kitanda. Mtungi ukikaribia kwisha, ndugu hupiga simu dukani. Projestus huwapelekea mwingine.

Gari lake ni kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Nyuma hufunga mitungi kwa minyororo isigongane. Mbele huweka karatasi ya Bi Khatun. Karatasi hiyo huandikwa kama watu wanavyoelekeza nyumba zao: "Mbagala. Ukiacha lami, nyoosha mpaka duka la Mangi. Kata kushoto penye saluni ya pazia jekundu. Ukiona banda la kuku, uliza kwa Hamisa wa vitumbua."

Shida ni kwamba pazia hubadilishwa. Banda la kuku huhamishwa. Na Projestus hapendi kuuliza.

"Nshomile wangu," mkewe Atuganile humtania wakiwa nyumbani kwao Ukonga. "Nyie Wahaya mnajua kila kitu, isipokuwa njia."

"Na nyie Wanyakyusa mnauliza njia mpaka ya kwenda chooni," Projestus hujibu.

Wakacheka. Walikuwa na kawaida ya kucheka hivyo.

Hamisa wa vitumbua alikuwa akimuuguza baba yake, Mzee Twalib. Mzee alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kuranda mbao. Vumbi likamwingia kifuani, likakaa. Sasa hakuweza hata kuvaa shati bila kupumzika katikati.

Jumanne moja, Hamisa alipiga simu dukani. Mtungi ulikuwa unakwisha. Projestus alifika Mbagala mapema, lakini saluni ilikuwa imefungwa na pazia halikuwepo. Alizunguka. Alirudi lami, akaingia tena. Alipofika, Hamisa alikuwa anampepea baba yake kwa mfuniko wa ndoo. Midomo ya mzee ilikuwa na rangi ya majivu.

Projestus alifunga mtungi mpya haraka. Baada ya muda, rangi ya mzee ikaanza kurudi. Mzee Twalib akafumbua jicho moja.

"Dereva," alisema polepole. "Ulikuja... kwa miguu?"

Hamisa alicheka huku akifuta machozi. Projestus hakucheka.

Kesho yake Bi Khatun alimwita mezani kwake. Ni mama wa makamo, mpole, lakini siku hiyo hakumwambia akae.

"Jana Hamisa alikuwa na mimi kwenye simu dakika arobaini," alisema. "Muda wote huo nasikia pumzi ya baba yake. Wewe hukuisikia. Mimi niliisikia."

"Samahani, mama."

"Samahani haijazi mtungi, Projestus. Duka litakununulia kifaa kimoja cha kukusaidia njia. Kimoja tu. Simu kubwa sikupi tena, ile ya kwanza waliinyakua dirishani ukiwa kwenye foleni. Nenda kaulize madukani. Chagua kitakachokufikisha."

Jioni, Projestus aliwaeleza wa nyumbani. Binti yake Asifiwe alikuwa mwaka wa pili chuoni. Kazi zake za chuo aliziandika kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, mpaka vidole vikamuuma. Aliinua kichwa.

"Baba, chukua laptop."

"Laptop inaonyesha njia?"

"Ina ramani ya dunia nzima. Na kioo chake kikubwa, utaona vizuri." Akainamisha kichwa tena. "Halafu ukirudi jioni, mie naweza kuandikia kazi zangu."

Atuganile alimtazama mumewe. "Si jambo baya," alisema. "Kitu kimoja, kazi mbili."

Jumamosi Projestus alikwenda Kariakoo. Muuzaji alimwonyesha kwanza kifaa kidogo, kama kiganja cha mkono. Kilikuwa na mguu wa kukinatisha kwenye kioo cha gari.

"Hii ni GPS ya gari," muuzaji alisema. "Inakuonyesha njia."

"Na nini kingine?"

"Basi. Njia tu."

"Na laptop?"

"Laptop inafanya kila kitu, braza."

Projestus alishika kile kifaa kidogo, akakirudisha. Alimfikiria Asifiwe na vidole vyake. Akachukua laptop.

Jumatatu alimwambia Bi Khatun, "Nimechagua hii, mama. Kioo chake ni kikubwa." Habari ya Asifiwe hakuisema.

Majuma mawili mambo yalikwenda vizuri. Laptop ilikaa kwenye kiti cha abiria, imefungwa mkanda kama mtu. Watu walimtania barabarani. "Dereva, shemeji leo kanyamaza?" Kwa kweli Projestus hakuihitaji. Siku hizo alikuwa akienda kwenye nyumba anazozijua. Jioni Asifiwe aliandika mpaka akachoka, na Atuganile alimletea chai. Nyumba ilikuwa na furaha.

Kisha mwenye nyumba wa Mbagala akataka chumba chake. Hamisa akamhamisha baba yake upande wa Chamazi, ndani kabisa. Safari hii alitoa jina la mtaa na namba ya nyumba. Asifiwe alimsaidia baba yake kuviingiza kwenye ramani. Alama nyekundu ikasimama juu ya nyumba.

"Umeona, baba? Nyumba ile pale."

"Nimeiona," Projestus alisema, na moyo wake ukatulia.

Alhamisi saa saba mchana simu ikalia dukani. Bi Khatun aliisikiliza, akatoka mbio mpaka kwenye gari.

"Mzee Twalib. Geji ya mtungi imeshaingia kwenye nyekundu. Hamisa alikuwa ameenda kununua unga, kakuta hivyo. Nenda."

Projestus alichomeka modemu ya Asifiwe kwenye laptop. Ramani ikafunguka. Alama nyekundu ilikuwepo Chamazi. Nukta ya buluu, ile inayoonyesha mahali ulipo, ilikuwa Kariakoo. Yeye alikuwa Mwananyamala. Aliona jambo hilo, akajiambia itajirekebisha njiani.

Alipita Temeke. Nukta ilikuwa Kariakoo. Alifika Mbagala Rangi Tatu. Nukta ilikuwa Kariakoo. Aliacha lami, akaingia njia ya mchanga. Mbele yake njia ikagawanyika kuwa tatu. Alisimama, akaigeuza laptop. Jua lilipiga kioo, akaona uso wake tu. Akavua shati, akaifunika laptop nalo kama hema, akaingiza kichwa. Aliziona njia zote tatu kwenye ramani. Aliiona nyumba. Kitu kimoja hakukiona: yeye mwenyewe yuko wapi.

Alichagua njia ya katikati. Iliishia kwenye ukuta. Akarudi nyuma, mitungi ikigonga. Laptop ikatoa mlio. Chaji ilikuwa inakwisha, kwa kuwa Asifiwe aliitumia mpaka usiku na umeme ulikatika alfajiri. Waya wa chaji ulikuwepo, lakini plagi yake ni ya ukutani. Ndani ya gari hapakuwa na pa kuichomeka. Kioo kikawa cheusi.

Simu yake ndogo ya vitufe ililia. Ilikuwa ni Hamisa.

"Uko wapi?"

"Nipo karibu."

"Karibu na nini, kaka?"

Projestus alitazama nje. Matofali. Nguo kwenye kamba. Mbuzi.

"Niambie ulipo, nikufuate," Hamisa alisema. Sauti yake ilipanda. "Niambie kitu chochote unachokiona."

"Naona... ukuta wa matofali."

Huko kote ni kuta za matofali. Simu ikakatika.

Alishuka, akamuuliza mama aliyekuwa akianua nguo. Huyo mama hakumjua Hamisa, alikuwa mgeni mtaani. Akauliza wa pili. Wa tatu ndiye aliyemwelekeza. Nyumba ilikuwa nyuma ya ule ukuta. Alikuwa amepita mdomo wa njia yake mara mbili.

Alipofika, Hamisa alikuwa amekaa kizingitini. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Wanawake wawili walikuwa wanatoa vitu chumbani kimyakimya: stuli, ndoo, mkeka. Mtungi wa zamani ulikuwa umeshatolewa nje, umeegemezwa ukutani.

Hakujua afanye nini. Akafungua mnyororo, akaushusha mtungi mpya.

"Urudishe," Hamisa alisema bila kumtazama. "Yupo mwingine anausubiri."

Dukani, Bi Khatun alikuwa ameshajua. Alikuwa na kitabu cha wagonjwa mbele yake, kalamu mkononi, na hakuwa anaandika.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema. Kisha akauliza, "Ile laptop ilikwambia nini?"

"Iliniambia niko Kariakoo."

Bi Khatun alifunga kitabu. "Nenda nyumbani leo."

Projestus alifika Ukonga jua likiwa bado lipo. Hakushuka garini. Jirani yao Lusungu alikuwa anarudi kazini. Dada huyo ni mpima ardhi. Siku nzima hutembea na chombo cha kupimia chenye miguu mitatu. Alimwona Projestus ameinamia usukani. Akaweka mzigo wake chini.

"Shikamoo, kaka Proje."

"Marahaba."

"Kuna msiba?"

Projestus alimweleza yote. Lusungu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mlango wa pili na kuichukua laptop, akaketi nayo mapajani.

"Nani alikushauri hii kwa ajili ya njia?" aliuliza kwa upole.

Projestus aliinua kichwa. Asifiwe alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na ndoo mkononi.

"Nilijishauri mwenyewe," Projestus alisema hatimaye. "Nilitaka mtoto aisomee. Bosi sikumwambia."

Asifiwe aliweka ndoo chini. Hakuingia ndani, wala hakusogea.

"Laptop ni kifaa kizuri," Lusungu alisema. "Lakini sikiliza. Kujua nyumba ilipo ni jambo moja. Kujua wewe ulipo ni jambo jingine. Ramani ya laptop inakupa la kwanza. La pili, laptop nyingi haziliwezi."

"Mbona ile nukta ipo?"

"Inabahatisha. Laptop nyingi hazina kipokezi cha setilaiti. Zinakisia mahali kwa kutumia mtandao. Mtandao ukisema Kariakoo, nayo inasema Kariakoo. Unaweza kwenda nayo mpaka Mtwara, yenyewe itang'ang'ania kwamba uko Kariakoo."

"Na kile kidogo?"

"Kile kina kipokezi. Setilaiti ziko juu angani, zinatuma ishara. Kifaa kinazisoma na kujua ulipo, kwa kukosea hatua chache tu. Hakihitaji bando, kwa sababu ramani imo ndani yake. Kinakula umeme wa gari. Kinakaa mbele ya macho yako, na kinatamka njia, kwa hiyo huna haja ya kukitazama kila mara. Wewe leo ulifanyaje? Ulifunika kichwa kwa shati."

"Muuzaji alisema laptop inafanya kila kitu."

"Inafanya mengi. Leo ulihitaji moja. Hata simu kubwa ingekufaa, ukipakua ramani mapema. Lakini simu ikipigwa, inakatisha ramani. Ikikaa juani inachemka. Na wezi wanaipenda."

Atuganile alikuwa ametoka pia. "Kwa hiyo angenunua kile kidogo, mzee angepona?" aliuliza.

Lusungu aliiweka laptop pembeni. "Sijui, dada. Sitaki kukudanganya. Vichochoro vingine havimo kwenye ramani yoyote. Kifaa peke yake hakitoshi. Mnahitaji pia namna mpya ya kufanya kazi."

"Namna gani?" Projestus aliuliza.

"Nyie mnaanza kuitafuta nyumba siku hewa inapokwisha. Hapo ndipo kosa. Mgonjwa akiandikishwa tu, nenda kwake siku hiyohiyo, bado ana mtungi uliojaa. Ndugu yake akuongoze. Simama mlangoni, bonyeza, hifadhi mahali hapo kwa jina lake. Akihama, nenda tena. Siku ya dharura kifaa kitakurudisha mlango uleule, hata kama mtaa hauna kibao."

Usiku huo hawakutaniana. Asifiwe alifuta kazi zake kwenye laptop, akaifunga, akaiweka juu ya kabati.

"Baba," alisema. "Mie ndiye niliyeitaka."

"Uliiomba, mwanangu. Aliyeambiwa achague ni mimi."

Asubuhi Projestus alimweleza Bi Khatun ukweli wote. Alisimama, na mikono yake aliiweka nyuma kama mwanafunzi. Bi Khatun alitazama dirishani.

"Hata mimi ningemfikiria mwanangu," alisema. "Lakini ungesema. Ungesema tu, tukatafuta njia."

"Kama ni kuniachisha kazi, sitalalamika."

"Nikikuachisha, dereva mpya ataanza kupotea upya." Alivuta kitabu cha wagonjwa. "Kuna watu kumi na wanane humu. Nionyeshe hiyo namna ya jirani yako."

Juma hilohilo duka lilinunua kile kifaa kidogo. Laptop ilibaki mezani kwa Bi Khatun. Hapo ikapata kazi yake: orodha ya wagonjwa, tarehe za mitungi, namba za ndugu. Kifaa kilipohitaji ramani mpya, kilichomekwa kwenye laptop hiyohiyo. Asifiwe aliomba kuja kila Jumamosi kuandika orodha. Bi Khatun alimkubalia, na akamruhusu kukaa hapo saa mbili zaidi kwa ajili ya kazi zake za chuo.

Lusungu alikuja kuwafundisha. "Andika unakokwenda kabla gari halijaondoka," alimwambia Projestus. "Gari likitembea, usikiguse. Ukitaka kubadili, simama pembeni. Kikikwambia pita na macho yako yanaona mtaro, amini macho. Na ukiegesha, kitoe kwenye kioo, kitie mfukoni."

"Hiki kinaongea Kiingereza," Projestus alisema. "Sikia kinavyotamka Mbagala. Kama mtu mwenye mwiba wa samaki kooni."

Ilikuwa mara ya kwanza Bi Khatun kutabasamu tangu ile Alhamisi.

Kwa siku nne Projestus alikwenda nyumba kwa nyumba, zote kumi na nane. Mitungi ilikuwa imejaa. Wagonjwa walishangaa. "Umeleta nini?" waliuliza. "Sijaleta kitu," alijibu. "Nimekuja kuujua mlango."

Baada ya arobaini ya Mzee Twalib, alikwenda kwa Hamisa. Alimkuta anageuza vitumbua. Alimweleza habari ya laptop, na kwa nini aliichagua. Hamisa aligeuza vitumbua vyote mpaka cha mwisho.

"Umeniambia ili moyo wako upoe?"

"Hapana. Ni haki yako kujua."

"Basi nimejua," Hamisa alisema. "Nenda, kaka. Nina wateja."

Projestus alikwenda. Hakurudi tena kumsumbua.

Masika yalipofika, barabara nyingi za Mbagala ziligeuka mito. Asubuhi moja ya mvua, mjukuu wa Bi Raudha alipiga simu. Bi Raudha ni mgonjwa wa moyo na mapafu, anakaa mwisho wa kichochoro kisicho na jina. Mjukuu huyo alikuwa kazini, mbali.

"Bibi yuko na jirani tu," alimwambia Bi Khatun. "Jirani anasema geji inashuka, na njia ya mbele imejaa maji. Hamtapita."

Projestus aliligusa jina la Bi Raudha kwenye kifaa, akaondoka. Karibu na kwake aliona maji yamefunika njia. Hakuingia. Aligeuza gari. Kile kifaa kikanyamaza kidogo kikitafuta, kisha kikampa njia ya nyuma, asiyoijua kabisa. Kushoto, kulia, kulia tena. Hakuona saluni wala duka. Mvua ilifunika kila kitu. Alikwenda polepole, akisikiliza na kutazama. Kifaa kiliposema umefika, alisimama, na mlango ulikuwa mbele yake.

Aliingia na mtungi begani, maji yakimchuruzika. Jambo la kwanza alilotazama ni geji. Mshale ulikuwa bado juu ya nyekundu. Bi Raudha alikuwa amelala upande, mpira wa hewa puani. Kifua chake kilipanda na kushuka.

"Mbona umewahi hivi?" jirani alinong'ona. "Hewa bado ipo."

"Nitasubiri," Projestus alisema.

Aliketi kwenye stuli karibu na mlango. Mvua iliendelea kupiga bati. Alisubiri mpaka mshale ukagusa nyekundu. Kisha akabadilisha mtungi kwa uangalifu, na usingizi wa Bi Raudha haukukatika.